Mwakilishi wangu ni nani? Nimevuka barabara moja tu

Baba Kemunto (Jumatatu, saa 3:40 usiku)

Wandugu, hamjambo. Naomba msaada kabla sijaingia zamu. Leseni ya biashara yangu imelala mezani mwezi wa tano sasa, nikashauriwa niandikie mwakilishi wetu kule St. Paul, kwenye bunge la Minnesota, aisukume. Nikaandika. Ofisi ya mwakilishi wa eneo A ikasema mimi si mtu wao tena tangu ramani mpya ya maeneo ya uchaguzi, niende kwa wa eneo B. B wakajibu kwa mstari mmoja: anwani hii ni ya A. Nimerudi A, nimerudishwa B. Mwaka jana tulihama jengo ndani ya apatimenti zile zile, barabara inapita katikati. Sasa postikadi ya uchaguzi ya mke wangu imeandikwa B na yangu A, nasi tunalala chumba kimoja! Niandikie nani?

Juma wa St. Cloud (Jumatatu, saa 4:15 usiku)

Pole sana kaka. Mimi N-400 yangu, ombi la uraia, ilikwama miezi 14. Nikaandikia ofisi ya mbunge wa Congress, bunge la Marekani nzima, nikatia sahihi ile fomu ya kuwaruhusu wafuatilie, na baada ya wiki tatu nikaitwa mahojiano. Usipoteze muda na hao wa St. Paul.

Mama Neema (Jumanne, saa 1:05 asubuhi)

Juma, usimpoteze mwenzako. N-400 ni ya USCIS, idara ya uraia na uhamiaji ya serikali kuu. Leseni yake ni ya jimbo, na Congress haina mkono humo. Baba Kemunto, ulipohama ulijaza upya fomu ya usajili, au aliyejaza ni mama peke yake?

Na wengine mjue barabara ile imekuwaje mpaka. Kila baada ya sensa, viti vya jimbo lazima vigawiwe watu sawasawa. Minnesota ina maseneta 67, na kila eneo la seneta linakatwa vipande viwili, A na B, ndipo wawakilishi wakawa 134. Mwaka 2010 kiti kimoja cha mwakilishi kilikuwa na watu 39,582 hivi. Sensa ya 2020 ikakipandisha hadi 42,586. Kaunti ya Hennepin peke yake ilitoka watu 1,152,425 ikafika 1,281,565, huku kaunti nyingi za mashambani zikipungukiwa. Basi eneo la shambani lazima litanuke limeze kaunti ya jirani ili lifikishe idadi, na la kwetu viungani lazima likatwe. Ukikata mahali watu wamejaa hivi, kisu kitapita katikati ya mtaa. Wabunge walishindwa kukubaliana, ramani ikachorwa na jopo la majaji watano, ikatoka tarehe 15 Februari 2022.

Eliya (Jumanne, saa 2:30 asubuhi)

Samahani dada, tuelewane kwa maneno kwanza. Sisi Watanzania jimbo ni pale mbunge anapochaguliwa. Wewe jimbo unaita Minnesota nzima. Nimesoma mara mbili nikidhani seneta ana majimbo 67.

Mama Neema (Jumanne, saa 2:41 asubuhi)

Eliya, sisi Kenya hilo lako ni eneo bunge. Hapa tunazungumzia Marekani, na jimbo la Marekani ni jimbo hata kwenye redio ya kwenu.

Juma wa St. Cloud (Jumanne, saa 6:20 mchana)

Nakumbuka 2020 New York ilipoteza kiti kwa kukosa watu 89 tu, na cha mwisho kikabaki kwetu. Watu 89! Hao wanajaa kwenye harusi moja ya Kikisii.

Mama Neema (Jumanne, saa 6:33 mchana)

Hicho ni kiti cha Congress, Juma. Kitu kingine kabisa.

Zawadi (Jumanne, saa 1:50 jioni)

Jambo hili limenichoma. Mwaka 2020 tuliishi watu saba kwenye nyumba ya vyumba viwili, mkataba una majina mawili. Mtu wa sensa alipobisha hodi, binamu yangu alifungua mlango nusu, mnyororo haujatolewa, akasema tupo wawili. Aliogopa meneja, aliogopa na uhamiaji, maana mwaka mzima watu walikuwa wakizungumza habari ya swali la uraia, ingawa fomu haikuwa nalo. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na mtoto mgongoni. Watano hatukuhesabiwa, na mtoto wangu, mzaliwa wa hapa hapa, alikuwa mmoja wao.

Sikujua kuwa anayehesabiwa si lazima awe raia. Kuna kesi ya Texas, Evenwel, walalamikaji wakitaka mipaka ifuate idadi ya wapiga kura tu. Mwaka 2016 Mahakama ya Juu ikawakatalia kwa kauli moja, ikasema jimbo laweza kuhesabu kila mkazi. Kwa hiyo hata asiye na karatasi anaongeza uzito wa mtaa anaolala. Leo tunamshangilia Mheshimiwa Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, aliyechaguliwa kuwa mwakilishi kule Brooklyn Park mwaka 2024. Sensa ya 2030 ikibisha hodi, nitafungua mlango wote.

Mzee Salim (Jumanne, saa 3:10 usiku)

Wanangu, idadi idadi, lakini mizani yenu ni ya bara. Mimi ni mtu wa Faza, visiwa vya Lamu, Kenya. Lamu Mashariki sensa ya 2019 ilitukuta watu 22,000 na kidogo. Ruiru, kule karibu na Nairobi, ni zaidi ya 370,000, na kila mmoja ana mbunge mmoja. Mkitugawa kwa idadi tupu, sisi wa visiwani tutaunganishwa na Lamu Magharibi, na mbunge hatavuka maji kutuona. Nimekulia Kizingitini, mgonjwa akipelekwa kwa mashua usiku, kusi likivuma, tunashika taa ufukweni hadi tusisikie injini tena.

Eliya (Jumanne, saa 3:25 usiku)

Shikamoo Mzee. Lakini na mtu wa Ruiru je? Alabama ilikaa na mgawo wa sensa ya 1900 hadi miaka ya sitini. Kaunti ya Lowndes, watu 15,417, seneta mmoja. Jefferson, zaidi ya 600,000, seneta mmoja. Mahakama ikauvunja mgawo ule mwaka 1964, kesi ya Reynolds.

Mzee Salim (Jumanne, saa 3:48 usiku)

Marahaba. Lowndes haina bahari. Na huko kwetu mipaka ni ile ile ya 2012. Muda wa Katiba wa kuipitia upya ulipita Machi 2024 haikuguswa, kwa Ruiru wala kwa Faza.

Mama Neema (Jumanne, saa 4:02 usiku)

Baba Kemunto, nauliza mara ya pili: ulijaza fomu upya ulipohama?

Baba Kemunto (Jumatano, saa 12:30 asubuhi)

Asanteni nyote, nimesoma nikiwa kwenye basi kutoka zamu. Zawadi, pole kwa mtoto. Mzee, umenirudisha nyumbani. Ila bado sijajua niandikie A au B. Kesho ni mapumziko yangu. Naenda kaunti mwenyewe na bili ya stima na postikadi zote mbili.