Naombeni ushauri: mdogo wangu nimpe historia iliyoandikwa na mwandishi wa habari, au nitampoteza?

Mtoto wa Buza
Habari zenu wakuu. Mdogo wangu yuko form five, HGL, historia anaipenda ila anasoma kwa kukariri, muulize mkutano wa Berlin atakutajia 1884 mpaka 1885 na sababu zake sita halafu kimya. Juzi nikapita Posta kwa wale wauza vitabu wa chini nikaokota King Leopold's Ghost cha Adam Hochschild, kinaeleza mfalme Leopold wa Ubelgiji alivyoinyonya Kongo, elfu kumi na tano, jalada limechoka ila kurasa zote zipo. Nikasema nionje kwenye daladala kabla sijampa. Asee nilipitiliza kituo, na kesho yake nikapitiliza tena.

Sasa baba mdogo, mwalimu mstaafu wa historia, kakiona mezani akaguna, eti huyo ni mwandishi wa habari tu, mtoto akienda na stori za magazeti kwenye mtihani atafeli. Na kweli nimecheki, jamaa alianzia magazetini huko Marekani ndo akahamia kwenye historia. Nimpe dogo au nitafute cha profesa? Muuzaji ana na cha Alan Moorehead cha mto Nile, naye alikuwa mwandishi wa habari za vita. Msinicheke, kimombo changu chenyewe cha kuungaunga.

Kaka Tosha
Kitabu kimekupitilizisha kituo mara mbili halafu unaomba ushauri? 😂 Ngoja wajuzi waje.

Mwalimu wa Zamu
Mpe. Nafundisha A level na nakwambia shida ya hawa watoto siyo uchache wa hoja, hoja wanazo mpaka zinamwagika, shida hawajawahi kumuona mtu ndani ya hizo hoja. Ukimwambia "unyonyaji wa kikoloni" anaandika, anapiga mstari, basi. Lakini msomee pale kwa Morel, karani wa kampuni ya meli ya Elder Dempster ya Liverpool, kazi inampeleka bandari ya Antwerp, Ubelgiji, anaona meli za Kongo zinashusha mpira na pembe za ndovu tele, zikigeuza zinapakia maofisa, bunduki na risasi. Bidhaa za kumlipa aliyevuna huo mpira hazionekani. Akapiga hesabu tu: kama malipo hayaendi, basi watu wanashurutishwa. Wala Kongo alikuwa hajafika! Hesabu ya darasa la nne hiyo, na ndiyo iliyokuja kumtoa jasho Leopold. Mwandishi wa habari anajua kukuonyesha kitu kama hicho, profesa wengi wangekizika kwenye aya ya nne.

Baba mdogo naye usimdharau. Mwambie dogo kila akimaliza sura afungue nyuma kwenye tanbihi, aone hili katoa wapi. Asipofanya hivyo kweli atakuwa anasoma gazeti.

Nipe Ushahidi
Mwalimu hapo hapo. Hicho kitabu kinasema Kongo walikufa milioni 10, nani aliwahesabu? Waandishi wa habari wanapenda namba nono.

Mwalimu wa Zamu
Swali zuri. Hakuna aliyehesabu maiti. Tume ya serikali ya Ubelgiji yenyewe mwaka 1919 ilikadiria watu wamepungua nusu tangu wazungu waanze kukalia nchi, sensa ya 1924 ikakuta waliobaki kama milioni 10, ndo unapiga hesabu kurudi nyuma. Na ndani yake siyo risasi peke yake, kuna njaa, maradhi, na watoto ambao hawakuzaliwa. Wanahistoria wanabishana mpaka leo. Dogo aandike "inakadiriwa", asiandike "waliuawa". Tofauti ya maneno hayo mawili ni maksi hiyo.

Binti Kisangani
Bonjour bandugu. Mimi niko mutoto wa Kisangani, pale Tippu Tip, ule mufanyabiashara wa pembe na batumwa wa Zanzibar, alitawalaka. Kile kitabu nilisoma mu Kifaransa, niko nakipenda, lakini batu betu beko bengi mu picha, mu maneno beko kidogo. Karani anasema, konsul anasema, misionari anasema. Mwenye kuchapwa shikoti ananyamaza. Yeye mwenye kuandika anakubali hiyo kule mwanzo, haficha.

Mpemba Msomaji
Dada umesema kweli tupu. Na hiyo shikoti si ndio kiboko chenyewe, ngozi ya kiboko iliyokaushwa ikasokotwa, ndio maana kwetu neno moja limebeba mnyama na mjeledi. Wajerumani Tanganyika walichapa ishirini na tano tano, wazee wakaita hamsa ishirini.

Ndugu muuliza, huyo Moorehead anaanzia hapa Zanzibar 1856, Burton na Speke, wale wavumbuzi wa Kiingereza, wanashuka chomboni, anaandika unasikia harufu ya karafuu. Lakini wenyeji anawatazama kwa macho ya Burton tu, nami sikumpenda kwa hilo. Weka pesa yako. Tafuta maktaba ya chuo, Maisha ya Hamed bin Muhammed, Tippu Tip anajihadithia mwenyewe kwa Kiswahili. Na ni huyo huyo Leopold aliyempa uwali Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya dada hapo, 1887. Dogo asome vyote viwili sambamba. Ila amwangalie kwa makini na huyu wa kwetu, pembe na watumwa anazitaja kama mtu anayehesabu magunia.

Mtoto wa Buza
Wakuu nashukuru sana. Jana usiku nimemsomea pale kwa Morel, akaniuliza ajira yake ilikuwaje, nikafunua mbele, kumbe alijiuzulu mwenyewe 1901 akaanza kuwaandika vibaya Leopold na watu wake. Dogo kakinyakua kitabu. Moorehead nimemwachia muuzaji, elfu ishirini hapana. Baba mdogo nimempelekea hoja ya tanbihi, kasema "hapo sawa" bila kuinua kichwa kwenye redio, kwa yeye hiyo ni sherehe.

Sasa kimbembe, dogo kafungua nyuma kama mlivyosema na vyanzo vingi ni vya Kifaransa. Hapo nani atatusomea?

Binti Kisangani
Apige picha atume hapa. Niko.