Kuku wa broila wa Mwanjelwa na vimelea sugu: kuchemsha kunatosha?

MamaLishe_Uyole: Wakuu, habari zenu. Tunaambiwa broila wa sokoni wana vimelea visivyosikia dawa. Vikichemshwa vinakufa? Huku kwetu Mbeya maji yanachemka kwa joto la chini kuliko Dar. Na mfugaji akimaliza zile siku za kusubiri baada ya kuwapa OTC (oksitetrasaiklini, antibiotiki ya jamii ya tetrasaiklini), si kuku ameshakuwa salama?

BwanaNyama: Kimelea kushinda dawa hakukifanyi kishinde moto. Salmonela sugu kwa tetrasaiklini hufa kwenye nyuzi 74 kama ile isiyo sugu. Mbeya mjini, mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo ondoa shaka. Kinachowaponza wengi ni paja lililotoka kwenye friza na kutupwa sufuriani likiwa na barafu: nje limeiva, karibu na mfupa bado. Liyeyushe kwenye friji usiku kucha. Kipimajoto kichomeke kwenye mnofu mnene bila kugusa mfupa. Rangi ya nyama usiiamini.

Daktari_Mifugo: Hapo kwenye siku za kusubiri wengi wanachanganya. Zile ni za mabaki ya dawa kupungua mwilini. Vimelea sugu vilivyokwisha kuzaliana tumboni mwa kuku vinabaki, na wakati wa kuchinja utumbo ukipasuka vinahamia kwenye nyama. Usugu wenyewe unaanzia bandani. Dawa ya unga inawekwa kwenye maji ya banda zima, kumbe kuku mgonjwa ndiye anayekunywa kidogo, anapata dozi pungufu. Wakichangamka siku ya pili, mfugaji anaikatiza. Wengine wanatibu mdondo kwa OTC! Mdondo ni virusi, unataka chanjo.

BwanaNyama: Na jikoni hatari kubwa iko kabla ya sufuria. Kuosha kuku bombani kunarusha matone hadi kwenye vyombo safi, acha. Ubao wa nyama usikatie kachumbari, maana kachumbari haipiti motoni. Ubao osha kwa sabuni kwanza (uchafu unaimaliza nguvu klorini), kisha klorini ya asilimia 3.5, kijiko kimoja na nusu cha chakula kwa lita 4 za maji, dakika mbili, anika ukauke. Ukishakuwa na nyufa, badilisha.

MamaLishe_Uyole: Asanteni sana. Na ndimu je?

Daktari_Mifugo: Inaondoa shombo, mama. Vimelea usiitegemee.