Kompresa kwa solo za gitaa la umeme, ikae kabla ya ovadraivu au baada?

NyuziSita:
Wakuu habari zenu, naomba msaada kwa wanaopiga solo. Gitaa langu lina pikapu (vinasa sauti vya nyuzi) za koili moja, linaingia ovadraivu (pedali ya kukwaruza sauti) afu ampu, geini, yaani kiasi cha kukwaruza, naiweka katikati hivi. Shida ni noti ndefu, nikivuta uzi wa 3 pale freti ya 7 noti inapanda vizuri lakini hata sijaanza kuitetemesha imeshaanza kufa, na zile noti za vidole vya kushoto tu, bila piki, zinasikika kwa mbali sana. Nikiongeza geini noti inakaa ndio, ila sauti inakuwa uji, noti za haraka zinashikana. Sasa nimepata kompresa (pedali ya kubana sauti, kubwa na ndogo zikaribiane) yenye nobu 2, levo ya ukubwa wa sauti na sastein ya urefu wa noti, nimeiweka mwisho baada ya ovadraivu na sastein nimefungua yote, ninachopata ni shhhhhh kubwa kila nikiacha kupiga, noti yenyewe sioni ilichobadilika. Je hii kitu ni ya solo kweli au ni ya wanaopiga klini tu, yaani sauti safi isiyokwaruza?

fundi_waya:
Ni ya solo kabisa mkuu, we ihamishe tu, iweke kabla ya ovadraivu. Ovadraivu inakata vichwa vya mawimbi, kwa hiyo sauti inayotoka pale tayari imeshabanwa, kubwa na ndogo zimekaribiana. Kompresa ikija nyuma yake haina cha maana cha kubana, inabaki kunyanyua vilivyo chini, na kilicho chini ukiacha kupiga ni kelele za pikapu na za ovadraivu yenyewe. Hiyo ndo shhh yako.

Ikikaa mbele ni habari nyingine. Kompresa inashusha sauti ikivuka kiwango fulani, tuseme reshio (uwiano wa kubana) ni 4:1, basi kilichovuka kwa desibeli 8 kinatoka kimevuka kwa 2 tu, afu levo inanyanyua kila kitu kwa pamoja. Kwa hiyo mwanzo wa noti umeshuka na mkia wake umepanda, na huo mkia ukiingia kwenye ovadraivu bado una nguvu ya kuifanya iendelee kunguruma. Hata zile noti zako za vidole zitaingia zikiwa karibu sawa na za piki.

Ila sikiliza hapa maana ndo kwenye kazi yenyewe: ukishaihamisha SHUSHA geini ya ovadraivu. Watu wanaiongeza kompresa juu ya geini ileile afu wanalalamika pedali ina kelele. Shusha mpaka noti mbili za haraka zitengane, urefu utarudishiwa na kompresa. Sastein anza na robo, ovadraivu ikiwa imezimwa, levo weka mahali ambapo ukiwasha na kuzima kompresa sauti inabaki ileile. Halafu washa ovadraivu uvute huo uzi wa 3 huku unapandisha sastein kidogo kidogo, ukiona ule mlio wa piki kugusa uzi umepotea umeshapitiliza, rudi nyuma kidogo uiache hapo.

DadaSolo:
Naunga mkono @fundi_waya, naongezea kuhusu ataki, yaani muda kompresa inaochukua kabla ya kuanza kubana. Kwenye kompresa za nobu 2 kama MXR Dyna Comp ya kawaida ataki imepangwa ndani huwezi kuigusa, na ile inabana mapema, ndo maana noti inakuwa na ule mwanzo uliofinywa ambao wengine tunaupenda kwa solo za klini. Boss CS-3 ina nobu 4, levo, toni, ataki na sastein, hapo unaweza kuchelewesha mbano ili piki isikike kwanza ndo sauti ibanwe. Kwa solo mi naona milisekunde 20 mpaka 30 panatosha, chini ya 5 noti inakosa ncha na bendi ikiingia hausikiki umeanzia wapi. Afu msiamini upande wa kuzungusha, kuna pedali nobu ya ataki ukiipeleka kulia inaongeza mlio wa piki na kuna nyingine ni kinyume chake, tumia masikio.

Rilisi nayo, yaani muda inaochukua kuachia mbano, kama pedali yako inayo. Ikiwa ndefu sana ukipiga noti nzito uzi wa 6 afu ukarukia uzi wa 1 haraka, ile ya juu inatoka imebanwa bado, ikiwa fupi sana unasikia sauti inapumua, inashuka inapanda inashuka. Na zenye nobu ya kuchanganya sauti iliyobanwa na ile ghafi ni nzuri mno kwa solo maana unapata mkia mrefu bila kupoteza piki. Watu kama David Gilmour, mpiga gitaa wa Pink Floyd, wametumia Dyna Comp na Boss CS-2 kwa miaka, kwa hiyo suala la kwamba ni ya klini tu lisikusumbue.

Mkono_Kushoto:
Mi napingana kidogo jamani. Mbona hamjamwambia anachopoteza? Kompresa ikikaa mbele ya ovadraivu nobu ya volyumu kwenye gitaa inakosa kazi, unaishusha ili sauti isafike, kompresa inainyanyua tena. Kwa mtu anayepiga bluzi, leo kwa ulaini kesho kwa hasira ndani ya solo hiyohiyo, hiyo ni hasara kubwa, ule mkono wa kulia ndo unaoongea. Na kama ni distosheni nzito ya metali basi haina haja kabisa, ile inabana yenyewe kuliko kompresa yoyote. Ushauri wangu iwashe kwenye zile solo zinazotaka noti ndefu, zingine zima.

fundi_waya:
@Mkono_Kushoto hapo kwenye volyumu uko sahihi, ndo maana nikasema asianze na sastein kubwa, ikiwa robo bado gitaa linakusikiliza. Kwenye metali sina ubishi.

NyuziSita:
Asanteni sana. Nimeihamisha mbele, geini nimeshusha, sastein iko chini kidogo ya nusu, aisee noti inakaa na naitetemesha nitakavyo, na zile za vidole zimetoka. Shida moja imebaki, ngoma na besi zikiingia bado nazama, na nikiongeza levo ya kompresa sauti haikui, inazidi kukwaruza tu.

DadaSolo:
Ndo itakavyokuwa, ukiongeza levo kabla ya ovadraivu unaongeza uchafu, ukubwa hauongezeki maana kwenye ovadraivu vichwa vinakatwa vilevile. Ukitaka kuwa juu ya bendi weka busta (pedali ya kuongeza ukubwa wa sauti tu) baada ya ovadraivu, au kwenye efekti lupu ya ampu (matundu ya kuchomeka pedali baada ya priampu) kama ipo, desibeli 3 mpaka 6 zinatosha. Na usipunguze midi (sauti za kati) kwenye ampu! Gitaa la solo linaishi pale kati, zunguka maeneo ya hezi 800 mpaka 1000 ndo utatokeza, besi punguza kidogo maana mpiga besi ameshakaa huko.

fundi_waya:
Na kama kuna mvumo mzito hata ukifunga volyumu ya gitaa, angalia adapta, pedali kadhaa zikichangia adapta moja ya volti 9 zinapeana kelele na kompresa inazikuza. Chomeka kompresa peke yake kwenye betri usikilize, mvumo ukipotea tafuta adapta yenye matundu yaliyotenganishwa. Noizi geti (pedali inayokata kelele usipopiga) nayo iweke baada ya ovadraivu na kiwango chake cha kukata kiwe chini sana, vinginevyo itakata huo mkia uliohangaikia.