Saa ya ufunguo isiyovaliwa mara kwa mara: itembee au ilale kabatini?

Nukta60
Wakuu, naomba mwongozo. Saa ni mbili. Moja ni ya zamani, ya kutia ufunguo kwa mkono, haina tarehe, mkanda wa ngozi. Nyingine ni otomatiki (hujitia ufunguo kwa mtikisiko wa mkono) yenye mashine ya Seiko 7S26, ina siku na tarehe, mkanda wa chuma. Kila moja huvaliwa mara nne hivi kwa mwaka. Wapo wanaosema saa ikisimama muda mrefu mafuta huganda, hivyo ninunue kiboksi cha umeme cha kuizungusha. Wengine wanasema niiache. Nifuate lipi? Na tarehe iliyobaki nyuma wiki tatu naisogezaje bila kuvunja kitu?

FundiRubi
Iache ilale. Hofu ya mafuta kuganda ilikuwa na msingi zamani, saa zilipopakwa mafuta ya wanyama, hata ya taya la pomboo. Mafuta ya sasa ya kutengenezwa maabara hayagandi hivyo. Hukauka na kutambaa taratibu kadiri miaka inavyokwenda, saa itembee isitembee. Tone linalokaa kwenye kikombe cha rubi, kijiwe kigumu kinachoshika ncha ya ekseli, limeshikwa na wembamba wa nafasi yenyewe. Kuiendesha saa hakulisambazi.

Inayoumia hasa ni saa yenye mafuta makavu inayoendeshwa. Ncha za ekseli husagika, unga wa chuma huchanganyika na mabaki ya mafuta, na mchanganyiko huo husaga kama msasa. Sasa kiboksi cha umeme kinakusagia saa siku 365 ili uivae siku nne. Kina maana kwa saa yenye kalenda ya kudumu, inayojua yenyewe urefu wa kila mwezi, ambayo ikisimama kuipanga upya ni kazi kubwa. Kwa 7S26 hakina.

Hata hivyo, kila mwezi mmoja au miwili itie ufunguo, kwa ajili ya kuipima afya. Ilinganishe na saa ya simu, iangalie tena baada ya masaa 24, kisha uandike imekimbia au imechelewa sekunde ngapi. 7S26 iliyojaa hutembea masaa 40 hivi. Ikianza kufia kwenye 30, ipeleke ikafunguliwe na kuoshwa.

Namna ya kutia: ile ya mkono ivue kwanza. Ukizungusha kifundo cha pembeni ikiwa mkononi, unakisukuma kwa ubavu na ekseli yake hupinda. Zungusha taratibu kwa dole gumba na cha shahada. Nyingi hujaa kati ya mizunguko 20 na 40. Utasikia kifundo kinaanza kukaza, na kikigoma, acha hapo hapo. 7S26 haina njia ya kutiwa kwa mkono: ilaze, uso ukitazama juu, uibembeze kushoto na kulia kama nusu dakika. Hapo imeamka tu, itajaa ukiivaa.

Akrabu_Tatu
Kuhusu tarehe, hapa ndipo otomatiki nyingi huvunjwa. Kati ya saa tatu usiku na saa kumi alfajiri, kidole kinachosukuma duara la tarehe kimeshauma meno. Ukisogeza tarehe kwa haraka wakati huo unavisukuma vyuma viwili vipingane, na jino likikatika tarehe haitaruka tena, au itasimama nusunusu dirishani.

Saa iliyosimama haikuambii kama ilisimama mchana au usiku, kwa hiyo usiguse tarehe kwanza. Vuta kifundo hadi hatua ya mwisho, peleka akrabu mbele mpaka tarehe iruke. Hapo umevuka saa sita usiku. Endelea mpaka akrabu fupi ielekee 6 ya usoni, yaani saa kumi na mbili asubuhi. Sasa rudisha kifundo hatua ya kati, weka tarehe na siku ya *jana*. Kisha vuta tena, peleka akrabu mbele hadi tarehe na siku zote zimalize kuruka kufika leo. Ikiwa sasa ni alasiri, pitisha 12 mara moja zaidi. Tarehe haitaruka, maana ile ni saa sita mchana.

KavuTupu
Adui halisi wa saa iliyolala ni unyevu, na wenzangu hawajaugusa. Jasho na chumvi huanzia kwenye kifundo, kwa hiyo ekseli yake ndiyo hushika kutu mapema. Kabla ya kuihifadhi, vua mkanda wa chuma, uusugue kwa mswaki laini, maji ya uvuguvugu na tone la sabuni, ukauke kabisa. Mwili wa saa upanguse tu kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, hasa ile ya zamani; usiamini raba zake za kuzuia maji. Ngozi ivuliwe na ihifadhiwe mbali na saa, maana huvuta unyevu na kuota ukungu.

Kopo la lita moja lenye mfuniko unaokaza, ndani gramu 10 za silika jeli ya kubadili rangi, zinatosha. Ile ya rangi ya chungwa ikigeuka kijani, imeshiba: imwage kwenye sahani ya chuma, ioke nyuzi 110 hadi 120 kwa saa mbili, irudi kazini.

Kosa jingine ni kuacha kifundo kimevutwa ili "saa ipumzike". Unafungulia vumbi na unyevu mlango. Tena kwa 7S26 ni bure kabisa, maana haisimamishi sekunde: kifundo kikivutwa, mashine huendelea kutembea.

Weka mbali na spika na vifuniko vya simu vyenye sumaku. Saa ikianza ghafla kukimbia dakika kadhaa kwa siku, mara nyingi imeshika sumaku: mizunguko ya springi nyembamba ya balansi (gurudumu linalopima mwendo wa saa) imegandana, springi imekuwa kama imefupishwa. Fundi huitoa kwa sekunde chache.

Nukta60
Asanteni sana. Ile ya zamani, niihifadhi ikiwa imejaa ufunguo?

FundiRubi
Hapana. Springi kuu za zamani za chuma cha bluu, zile zinazokazwa na ufunguo, hulegea au kukatika zikikaa zimekazwa. Ukiivua, iache itembee mpaka iishiwe yenyewe, ndipo uifungie kopo.