Mtafiti wa uraibu na mafunzo ya ujasiriamali: tunamwuzia nani?

Mtafiti wa Ipagala ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Mimi ni mtafiti wa masuala ya uraibu hapa Dodoma. Kikundi chetu kimetengeneza mfumo wa ujumbe mfupi wa simu unaomkumbusha mgonjwa aliye kwenye tiba ya methadoni, dawa ya kunywa anayopewa mraibu badala ya heroini, kufika kliniki, na unaompa nafasi ya kueleza, kwa kubonyeza namba tu, kama amelala vibaya au ameanza kusikia hamu ya unga. Unafanya kazi hata kwenye simu ya kitochi, na majaribio ya awali yametutia moyo. Shida ni kwamba fedha za mradi zinakaribia ukomo, na tunajua miradi ya aina hii huishia wapi: ripoti kabatini, na makala katika jarida ambalo muuguzi wa kliniki hatalisoma kamwe.

Mfadhili amependekeza wawili kati yetu tupelekwe kwenye mafunzo ya ujasiriamali kwa watafiti. Nimesoma kwamba Marekani jambo hili si geni: Mfuko wa Taifa wa Sayansi ulianzisha mpango wa I-Corps mwaka 2011, taasisi za afya za NIH zikaufuata mwaka 2014, na Chuo Kikuu cha Yale kina mafunzo mahususi kwa watafiti wa uraibu, kwa fedha za NIDA, ambayo ni taasisi ya serikali inayosimamia utafiti wa dawa za kulevya. Hata hivyo nina mashaka. Wagonjwa wetu wanapewa methadoni bure na wengi hawana hata nauli ya daladala, nitamwuzia nani? Tena ninahofia kwamba mtafiti akishaonja habari za soko, atayatazama matokeo yake kwa jicho la muuzaji. Naomba maoni ya wenye uzoefu.

Mshauri wa Bunifu amejibu:

Swali lako la kwanza ndilo mafunzo yenyewe, kwa hiyo usilione kuwa sababu ya kutokwenda. Wengi hudhani kwamba watafundishwa kutangaza na kuuza, ilhali sehemu kubwa ya I-Corps ni kutoka maabara na kuzungumza na watu wapatao 100 ambao wangetumia, wangenunua au wangezuia kile ulichobuni, nawe huruhusiwi kukisifia. Kwa mtafiti aliyezoea kueleza mbele ya slaidi, kukaa kimya na kusikiliza ni adhabu, lakini ndipo anapogundua kwamba katika uraibu anayetumia si anayelipa, na anayelipa mara nyingi si anayeamua.

Chukua mifano miwili ya hukohuko Marekani. Naloksoni, dawa inayomrudisha mtu aliyezidisha dawa za jamii ya afyuni, kama heroini, iliidhinishwa mwaka 1971 kama dawa ya sindano. Kwa miongo kadhaa ilibaki zaidi mikononi mwa watu wa tiba. Baadaye NIDA ilishirikiana na kampuni ndogo kuitengeneza katika umbo la kupuliza puani, ikaidhinishwa Novemba 2015, na Machi 2023 ikaruhusiwa kuuzwa bila cheti cha daktari. Dawa ni ileile. Kilichobuniwa ni njia ya kumwezesha mama au jirani kuitumia bila kujua kuchoma sindano, na jambo hilo hulioni ukiwa umejifungia maabara.

Mfano wa pili ni wa kusikitisha. Kampuni ya Pear Therapeutics ilipata kibali mwaka 2017 kwa reSET, programu ya simu ya kutibu uraibu inayoandikwa na daktari kama dawa. Kisayansi walikuwa wamejipanga, kibali walikuwa nacho, na madaktari waliiandika. Bima nyingi zilikataa kulipa, na Aprili 2023 kampuni ikaomba kufilisika. Ningekuwa mwalimu wa mafunzo haya, ningetumia wiki nzima juu ya kifo cha kampuni hiyo.

Kwa hapa kwetu, usichanganye tuzo na soko. Mashindano ya kitaifa ya sayansi na ubunifu, MAKISATU, yaliyoanza mwaka 2019, yamewatoa wabunifu wengi gizani, lakini jaji anayekupa cheti hana fungu la kukununulia mfumo. Mnunuzi wako ni Wizara ya Afya, halmashauri, au mfadhili anayegharimia kliniki, na kila mmoja ana kalenda yake ya bajeti. Ukifika na wazo zuri mwezi Julai, bajeti ya serikali ikiwa imeshapitishwa, umechelewa mwaka mzima.

Mfamasia wa Dirishani amejibu:

Ndugu mtafiti, mimi nimefanya kazi kwenye dirisha la methadoni, nami naomba mafunzo hayo yaanzie pale. Asubuhi foleni imeshapangwa kabla ya dirisha kufunguliwa. Mgonjwa anatoa kitambulisho, ninahakiki jina na dozi, ninampimia dawa ya maji kwenye kikombe, anainywa mbele yangu, kisha ninamsemesha kidogo ili nijue ameimeza kweli. Mikono yangu haina nafasi ya kushika na kompyuta. Mfumo wowote unaonitaka niingize taarifa mara ya pili, baada ya kuwa nimeshajaza daftari, utakufa ndani ya wiki chache hata ukiwa umepewa bure.

Jambo lingine ni simu zenyewe. Mtu akirudia matumizi, kitu cha kwanza kuuzwa ni simu. Akishapata nafuu anasajili laini nyingine. Kwa hiyo yule unayemhitaji zaidi ndiye ambaye ujumbe wako haumfikii, na yule anayekujibu kila siku pengine angefika kliniki hata bila wewe. Sijui kama majaribio yenu ya awali yaliliangalia hilo. Wengine wanatumia simu moja na mke au shemeji, na ujumbe unaosema "usisahau dozi yako" umetosha kumfukuzisha mtu nyumba ya kupanga. Andikeni maneno ambayo mtu mwingine akiyasoma hataelewa kitu.

Nauli uliyoitaja kwa kupita ndiyo inayowashinda wagonjwa wangu kuliko kusahau. Mgonjwa wa methadoni hasahau, arosto, yaani mateso ya mwili kukosa dawa, inamkumbusha. Ningependa mtoke kwenye mafunzo hayo mkiwa tayari hata kuuacha mfumo wa ujumbe na kubuni kitu cha usafiri.

Mzee wa Kamati ya Maadili amejibu:

Nimesoma kwa makini, na hofu ya pili ya mwuliza swali, ile ya jicho la muuzaji, haijajibiwa. Mtafiti mwenye hisa katika kampuni inayouza chombo hapaswi kuwa ndiye anayewaomba wagonjwa ridhaa wala anayechambua matokeo ya chombo hicho. Hili linazuilika kwa kutangaza maslahi mapema na kuwakabidhi wengine uchambuzi, lakini sharti lifundishwe wiki ya kwanza ya mafunzo, si kwenye kiambatisho. Wagonjwa hawa wanategemea kliniki moja kwa dawa ya kila siku. Ukiwaomba jambo ukiwa ndani ya geti la kliniki hiyo, ni vigumu kwao kukataa.

Tukumbuke pia kwamba methadoni ilianza kutolewa Muhimbili Februari 2011, na iliposambaa hadi kufika kliniki ya Itega hapa Dodoma, haikuletwa na mjasiriamali yeyote. Ilikuja kwa uamuzi wa serikali na fedha za wafadhili. Siyapingi mafunzo, ila yasitufanye tuamini kwamba kila ugunduzi lazima uzae kampuni. Wakati mwingine njia sahihi ni kuikabidhi wizara mwongozo na kuondoka.

Na kwa kuwa tuko kwenye mkoa wa zabibu na mvinyo: mtengenezaji wa pombe akijitokeza kufadhili chombo cha kupunguza ulevi, mkatalieni kwa heshima.

Mtafiti wa Ipagala amejibu:

Nawashukuru. Mfamasia, majaribio yetu yaliwahesabu waliojibu tu. Waliopotea hewani hatukuwafuatilia, na hilo tutalirekebisha kabla ya kuandika lolote. Mzee wangu, nimekubaliana na wenzangu kwamba anayekwenda kwenye mafunzo asiwe msimamizi wa uchambuzi. Swali lililobaki ni la umiliki: mfumo huu ni wa nani kati yetu, chuo na mfadhili?

Mshauri wa Bunifu amejibu:

Soma kwanza mkataba wa fedha za mradi na sera ya miliki bunifu ya chuo chako, kwa sababu mara nyingi jibu limeshaandikwa humo nawe uliweka saini. Programu ya kompyuta hulindwa kwa hakimiliki, hivyo usipoteze muda BRELA, wakala wa usajili wa biashara, ukitafuta hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, kwa ajili ya ujumbe wa simu. Lakini mkija kubuni kifaa, kwa mfano cha kupimia dozi, msikionyeshe kwenye kongamano kabla ya kuwasilisha maombi ya hataza, kwani katika nchi nyingi kitu kilichokwisha kutangazwa hakihesabiwi tena kuwa kipya. Na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, nao watataka kukiona. Taarifa za wagonjwa mnazozihifadhi zinaguswa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Hilo lishughulikie kabla ya safari ya mafunzo, maana mnunuzi wa serikali ataliuliza mapema kuliko bei.