Re: Kiwanja Kigamboni ukiwa huku nje, nianzie wapi?

Wapendwa habari zenu, poleni na baridi. Naomba mawazo yenu kwa haraka kidogo. Mdogo wangu wa kiume kanitumia picha za kiwanja Kigamboni, anasema kutoka hapo hadi beach unatembea tu, muuzaji ana karatasi ya serikali ya mtaa yenye muhuri na anataka nusu ya hela ijumaa hii la sivyo anampa mtu mwingine. Mimi na mume wangu tuko Coventry mwaka wa kumi na moja sasa, hela tumeikusanya kwa shifti za usiku na siwezi kuipoteza. Nimekulia Moshi, Kigamboni nilifika mara moja tu nikiwa darasa la sita. Wenyeji wa huko mnisaidie.

---

Dada wa Coventry, salama. Hela ya ijumaa usiitume. Mi ni mtoto wa Tungi, nimezaliwa huko wakati bado tunahesabiwa Temeke, na nataka nikueleze kitu ambacho dalali hatakwambia: Kigamboni si sehemu moja. Kila kipande kina historia yake na karatasi za ardhi zinafuata hiyo historia, kwa hiyo kabla hujauliza bei uliza kiwanja kiko kipande gani.

Sisi tumekua tunaiona Ikulu ya Magogoni ng'ambo ya maji, karibu kabisa, lakini kufika mjini ilikuwa kazi. Unaamka saa kumi na moja, unasimama kwenye foleni ya pantoni na wauza nazi na baiskeli zao, na ule mlango wa chuma ukishagonga zege watu wote wanasukumana kwa pamoja, harufu ya samaki wa Feri inakupokea. Pantoni likiharibika gari inazunguka Kongowe huko. Ndo maana mji ulikua kuelekea kwingine kote na Kigamboni ikabaki minazi, mikorosho na wavuvi wakati iko mlangoni mwa bandari. Vilivyokuja mapema vilikuwa vitu vikubwa vya taifa, chuo cha Kivukoni 1961, kiwanda cha kusafisha mafuta cha TIPER 1966, halafu bomba la TAZAMA linalopeleka mafuta hadi Ndola Zambia. Matangi ya mafuta unayaona mpaka leo, na mtu anayekuuzia kiwanja jirani na matangi au juu ya njia ya bomba mkimbie.

Ukienda kusini unakuta Mbwamaji, mji wa Waswahili wa zamani kuliko Dar yenyewe, na Gezaulole ambayo ilikuwa kijiji cha ujamaa, jina lenyewe ni la Kizaramo, jaribu uone. Huko ardhi nyingi ni ya koo, babu alipanda minazi wajukuu wako ishirini, na mmoja tu akisaini bila wenzake kujua umenunua kesi. Hili nalisema kwa uchungu maana kwetu limetokea.

Sasa kipande kizuri kwa mtu aliye nje ni kile cha mradi wa viwanja 20,000 ulioanza 2002. Kibada, Mwongozo na sehemu ya Gezaulole vilipimwa kwenye mradi ule, vina ramani, vina namba ya kitalu, yaani kundi la viwanja, na namba ya kiwanja chenyewe, na ukifika unakuta bikoni, yale mawe ya zege ya mpakani yana namba juu, hata yakifunikwa na nyasi ukifuta udongo unaisoma.

Halafu ikaja 2008 serikali ikatangaza mji mpya wa Kigamboni. Watu wakaambiwa wasijenge wala wasiuze wasubiri, na kusubiri kule kulichukua miaka. Baba yangu mdogo alikuwa ameshafyatua tofali zake, zikakaa mvua baada ya mvua mpaka zikaota ukoka. Mji ule haukujengwa kama ulivyochorwa, lakini wakati huohuo watu waliuziana kimyakimya kwa karatasi za mkononi, na hizo karatasi ndo zinazunguka mpaka leo. Kama mauziano ya muuzaji wako ni ya miaka ile chunguza mara tatu.

Daraja lilifunguliwa April 2016, mita 680, njia sita, likaitwa daraja la Nyerere, na miaka hiyohiyo Kigamboni ikawa wilaya yake yenyewe. Hapo bei ikapanda. Sensa ya 2022 ilikuta watu zaidi ya laki tatu, sa hivi watu wanajenga mpaka kule tulikokuwa tunaenda kuokota korosho.

Muhuri wa serikali ya mtaa maana yake mwenyekiti ameshuhudia mauziano, si hati ya kumiliki ardhi. Mwambie mdogo wako atafute namba ya kitalu na kiwanja aende nayo ofisi ya ardhi waangalie kimesajiliwa kwa jina la nani, na awaulize majirani wa pande zote nne.

---

Naongezea mawili tu, niko Minneapolis. Hiyo "unatembea hadi beach" pimeni kwa futi kamba, sheria ya mazingira ya 2004 haitaki ujenge ndani ya mita 60 kutoka baharini. Na la pili dada, kama mmeshachukua uraia wa Uingereza msifiche, sheria ya ardhi ya 1999 inamtazama asiye raia tofauti kabisa, ulizeni ubalozini kuhusu hadhi maalum ya diaspora kabla ya kuandikisha jina la mtu yeyote. Kama bado ni raia mpe mdogo wako hati ya uwakili ilopita kwa mwanasheria, ya mkononi haitoshi.

---

Asanteni sana ndugu zangu, kaka wa Tungi Mungu akuzidishie. Jana usiku nimempigia mdogo wangu nikamwambia aende anisomee namba ya bikoni. Amerudi anasema bikoni hakuna, kuna mnazi umepakwa rangi nyekundu na muuzaji ndo anasema huo ni mpaka, na jirani wa upande wa chini akasema shamba ni la marehemu shangazi yao. Hela haiendi. Mume wangu na mimi bado tuna pasi za kusafiria za Tanzania kwa hiyo hapo tuko salama, sasa tunatafuta Kibada au Mwongozo. Kuna anayeenda nyumbani december aongozane na mdogo wangu ofisi ya ardhi?