Tupandishe umri wa leseni, au tubadili namna ya kuitoa?

Vijana wakipata ajali, hoja ile ile hurudi: umri wa leseni upande kutoka 18 hadi 21. Uchungu huo nauelewa. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoua zaidi watu wa miaka 5 hadi 29. Aliyezika mtoto hana masikio ya kusikiliza habari za haki ya vijana kuendesha.

Ila mimi napinga. Tunachanganya ujana na ugeni wa usukani. Ujana una lake, kweli: sehemu ya ubongo inayozuia pupa huchelewa kukomaa, hadi miaka ya ishirini na kitu. Lakini ugeni hauna umri. Mtu wa miaka 21 ambaye hajawahi kuendesha peke yake usiku wa mvua bado hajui kuisoma barabara, hajui kwamba mpira ukikatiza mbele yake, nyuma kuna mtoto anaukimbilia. Miezi ya mwanzo baada ya leseni ndiyo ya hatari, na kupandisha umri kunaisogeza tu.

Wiki yangu ya kwanza na leseni nilibeba marafiki watatu. Wakanihimiza nilipite lori karibu na kona, nami nikalipita. Hakukuja gari upande wa pili, ndiyo maana niko hai. Siku ile nilihitaji mtu mwenye uzoefu kando yangu, na marafiki wale wabaki nyumbani.

New Zealand waliliona hilo tangu 1987, wakaanza kutoa leseni kwa hatua: kwanza ya kujifunza ukiwa na msimamizi, kisha ya masharti, mwisho kamili. Wa hatua ya kati haruhusiwi kuendesha peke yake kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, na kwa kawaida habebi abiria bila msimamizi. Mwaka 2011 walipandisha pia umri wa kuanza hatua ya kwanza, kutoka 15 hadi 16, lakini hatua hawakuziacha. Ufaransa nayo imeushusha umri wa leseni, 18 hadi 17, mwaka 2024.

Nakiri umri ni rahisi kusimamia: trafiki anatazama tarehe ya kuzaliwa, basi. Masharti ya usiku na abiria yanadai askari walio macho, na wazazi wasiotoa funguo ovyo.

Basi mnaotaka 21, nielezeni: hiyo miaka mitatu ya kusubiri, kijana atakuwa anajifunza nini, na nani atakaa kando yake?